Sikivu Mapafuni, Sugu Kichwani

Kichupa kilifika maabara saa 9 alasiri ndani ya deli, kimezungushiwa mapande ya barafu kama samaki wa soko la Feri. Aliyekileta alikuwa kijana wa bodaboda aliyetumwa na kituo cha afya kilicho mbali na mji, na alikuwa na haki ya kujisifu: saa nzima na nusu barabarani, jua la utosini, na mzigo umefika ukiwa baridi vilevile ulivyofungwa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba barafu ndiyo ilikuwa ikituharibia kazi. Mkojo ukichelewa huwekwa kwenye jokofu. Damu ya kuongezewa mgonjwa hukaa kwenye jokofu. Maji ya mgongo yanayosubiri kuoteshwa hayawekwi huko, kwa sababu baadhi ya bakteria tunaowatafuta humo, meningokoki na Hib hasa, hufa upesi wakipigwa na baridi. Kichupa cha namna hiyo kinataka joto la kawaida la chumba, hata mfukoni mwa shati ikibidi, na mguu wa haraka.

Ndani mlikuwa na kama mililita moja ya maji yenye rangi ya maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Kwa mtu mzima wa afya maji hayo hayana rangi kabisa. Ukiyaweka kando ya maji ya kunywa huyatofautishi. Ukungu ule ni chembechembe nyeupe za damu zilizokimbilia kwenye vita, na zikifikia wingi wa kuonekana kwa jicho hapo hali si ya mchezo. Fomu ilisema: mtoto wa kike, miaka 6, homa siku 4, anatapika, shingo imekaza, sikio la kushoto linatoa usaha. Mstari unaouliza dawa alizotumia kabla ya kipimo ulikuwa mtupu. Huo huachwa mtupu kuliko mwingine wowote kwenye fomu zetu, na ukiondoa jina la mgonjwa, kwangu hakuna wenye thamani kuupita.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu jina. Tunaita homa ya uti wa mgongo, na mtu akisikia hivyo anajishika kiuno. Siku hizi limeongezeka balaa jingine: watu wanasema wana “UTI”, wakimaanisha maambukizi ya njia ya mkojo, na nimeshaona ndugu wakilia kwenye korido kwa kudhani mgonjwa wao ana uti wa mgongo kumbe ameandikiwa vidonge vya mkojo. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo pamoja na uti. Kati ya tabaka za utando huo hupita maji, kama mililita 150 kwa mtu mzima, nayo hutengenezwa upya mfululizo hadi kufikia nusu lita kwa siku. Mgongo ni mahali tu pa salama pa kuyachotea.

Mwili umeyawekea maji hayo bawabu mkali. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebana, hazipitishi kila kinachozunguka kwenye damu. Bawabu huyo hutukinga na mengi, ila ana ubaya wake: askari wa mwili, yaani kingamwili na wenzake, nao hawaingii kwa wingi. Bakteria akishapenya humo anakuta chakula, joto na uwanja usio na walinzi. Dawa inayotumwa kumfuata lazima imuue yenyewe. Haitoshi imzuie asizaane kisha ingoje mwili umalizie, kama inavyowezekana kwenye kidonda cha mguu.

Nani hasa huingia? Inategemea umri na mahali. Kwa mtoto mchanga wa siku chache ni bakteria wa njia ya uzazi na wa tumboni, Streptococcus wa kundi B na Escherichia coli, na katika wodi zetu Klebsiella. Akishavuka miezi ya mwanzo wanakuja wale wanaokaa puani na kooni bila kelele: nyumokoki, meningokoki na Hib. Kwa mtu mzima nyumokoki ndiye baba yao. Mtu mzima anayeishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu ana orodha yake, ambamo kuvu aitwaye Cryptococcus na kifua kikuu huja mbele, na hao wawili hata umwage ndoo ya seftriaksoni, dawa yetu kuu ya bakteria wa kichwani, hawatikisiki.

Hib anastahili sentensi zake. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo yake Novemba 2001. Kilifi, ambako watafiti walikuwa wakihesabu wagonjwa wake mmoja mmoja, ugonjwa wake mkali kwa walio chini ya miaka 5 ulikuwa ukipata watoto 66 katika kila 100,000 kwa mwaka. Ilipofika 2005 walikuwa wamebaki chini ya 8. Kilichonifurahisha zaidi kwenye habari hiyo ni wakati ilipotokea. Hib wa Kilifi alikuwa ameshaizoea kloramfenikoli, dawa iliyokuwa tegemeo la hospitali za wilaya, na chanjo ikafika wakati dawa inaishiwa nguvu. Tanzania tulifuata mwaka 2009, na ile ya nyumokoki ikaanza 2013. Wataalamu wa maabara walioajiriwa juzi wengine hawajawahi kumwona Hib kwenye hadubini ila kwenye picha.

Meningokoki ni mtu wa milipuko. Makao yake makuu ni ukanda unaokata Afrika kutoka Senegali hadi Ethiopia, lakini haheshimu ramani. Mwaka 2021 aliibuka Banalia, jimbo la Tshopo, Kongo, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kwa wiki kadhaa ulikuwa ugonjwa usio na jina. Jibu lilithibitishwa katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Kutoka Banalia, kwenye kingo za mto Aruwimi, hadi Paris ni safari ndefu kwa maji yanayojaa kijiko kidogo.

Nirudi kwa kichupa changu. Kazi ya saa ya kwanza ni ya macho. Tone linapakwa kwenye kioo, linakaushwa, linatiwa rangi kwa njia aliyoibuni Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884, njia ambayo hadi leo haijapata mshindani kwa bei na kasi. Niliwaona mara moja: wawili wawili, rangi ya zambarau, wamechongoka upande mmoja kama ncha ya mkuki, wametapakaa kati ya chembechembe nyeupe. Nyumokoki. Barafu haikuwamaliza wote. Nikapiga simu wodini, kwa sababu jibu kama hilo halingoji karatasi. Mtoto alikuwa ameshahamishiwa hospitali yetu na ameanza seftriaksoni.

Kazi ya pili ni kuotesha. Tunatumia sahani mbili, moja ya agari yenye damu na nyingine tunayoiita ya chokoleti, ambayo haina chokoleti hata chembe. Ni damu iliyopashwa moto hadi ikapasuka na kubadilika rangi. Damu inayotakiwa ni ya kondoo. Hospitali nyingi hutumia damu ya binadamu iliyopita muda wake benki ya damu kwa kuwa ipo na ni bure, na naelewa shida inayowafikisha huko. Lakini damu ya mtu inaweza kuwa na kingamwili, au mabaki ya dawa alizomeza mtoaji, na bakteria dhaifu wasiote. Halafu mnaandika “hakuna kilichoota” na kila mmoja anarudi nyumbani akiamini mgonjwa hakuwa na bakteria. Sahani zinaingia kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na mshumaa uliowashwa. Mshumaa ukizimika umeacha hewa ya kaboni kiasi anachopenda nyumokoki. Kopo linakaa nyuzi 35 hadi asubuhi.

Asubuhi walikuwepo, vitone vidogo vyenye kivuli cha kijani. Hapo ndipo inakuja sehemu ambayo wasomaji wengi wameiona kwenye karatasi za majibu bila kuelezwa: safu ya majina ya dawa, na mbele ya kila jina herufi. S maana yake bakteria ni sikivu, R ni sugu, I yuko katikati. Herufi hizo husomwa kama hukumu juu ya bakteria. Huyu anaogopa penisilini, yule haogopi. Nami kwa miaka yangu ya kwanza kazini nilizisoma hivyohivyo.

Zinapatikanaje? Unawapaka bakteria kwenye sahani kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, unaweka visahani vya karatasi vyenye dawa, unaacha usiku mmoja. Dawa inasambaa kutoka kwenye kisahani, ikiwa na nguvu karibu na kupungua kadiri inavyokwenda mbali. Bakteria wanaota hadi mahali wanapoweza kuvumilia. Unapima kwa rula upana wa duara tupu, kwa milimita. Kwa nyumokoki na penisilini kuna kisahani cha uchunguzi cha oksasilini: duara likifika milimita 20, hana neno, penisilini inamweza. Lisipofika, kisahani hakitoshi kukuambia. Lazima utumie utepe wenye dawa iliyopangwa kwa viwango, usome ni kiasi gani kidogo kabisa kinachomzuia.

Duara la mtoto wetu lilikuwa milimita 14. Nikaweka utepe. Kesho yake nikasoma: penisilini ilimzuia kwa mikrogramu 0.5 katika kila mililita, seftriaksoni kwa 0.25.

Je, 0.5 ni sikivu au sugu? Kwenye jedwali tunalotumia, nyumokoki ana mistari miwili ya penisilini ya sindano. Akiwa ametoka mapafuni au kwenye damu ya mtu mwenye nimonia, huhesabiwa sikivu hadi mikrogramu 2. Akiwa ametoka kwenye maji ya mgongo, ukomo wa kuitwa sikivu ni 0.06, na kuanzia 0.12 ni sugu. Tofauti ya zaidi ya mara 30, kwa bakteria yuleyule na dawa ileile. Mapafuni damu inafika kwa wingi, penisilini inajaa hadi kumzidi nguvu. Kichwani bawabu hupitisha sehemu ndogo tu ya dawa iliyomo kwenye damu. Kwa hiyo herufi inajibu swali la kama dawa hii, kwa dozi ambayo mtu anaweza kupewa, itafika pale bakteria alipo ikiwa na nguvu ya kumuua. Ukibadilisha mahali, jibu linageuka. Mstari wa kichwani ulitenganishwa rasmi mwaka 2008, baada ya kuonekana kwamba watu wa nimonia waliokuwa wakiitwa sugu walikuwa wakipona kwa penisilini vizuri tu.

Niliangalia mstari usio wake. Ilikuwa saa 8 mchana, nilikuwa na fomu nyingi mbele yangu, nikaandika S mbele ya penisilini nikasaini. Wodini seftriaksoni ilikuwa imekatika duka la hospitali, familia imeshaambiwa ikanunue nje. Karatasi yangu ilipofika daktari alifanya ambacho daktari yeyote mwenye busara angefanya: alibadilisha kwenda penisilini, ambayo ilikuwepo tena bila malipo. Jioni mwenzangu wa zamu alipokuwa akinakili majibu kwenye daftari aliniuliza, bila kuinua kichwa, “Kaka, hii 0.5 ni ya kifua?” Nilikimbia wodini badala ya kupiga simu. Mtoto alikuwa ameshachomwa dozi mbili.

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza swali moja, kama seftriaksoni nayo ina mistari miwili. Inayo: kichwani mwisho ni 0.5, mapafuni ni 1. Yetu 0.25 ilikuwa ndani ya yote. Wakachangishana pale wodini, ikapatikana ya usiku ule.

Tangu hapo nimekuwa mkali juu ya kinachoandikwa kwenye majibu ya maji ya mgongo. Jentamaisini inaweza kutoa duara zuri kwenye sahani na karatasi ikaandikwa S yenye kung'aa, ilhali kwa mtu mzima kiasi kinachofika kwenye ubongo ni cha aibu. Erithromaisini, tetrasaiklini, klindamaisini, vidonge vyote vya kumeza, sefalosporini za kizazi cha kwanza: hazifai kabisa kuripotiwa kwa kichupa hiki, hata kama zimefanya vizuri sahanini, kwa sababu daktari aliyechoka usiku wa manane atachagua S ya kwanza anayoiona. Kinyume chake pia kipo. Listeria, anayewapata watoto wachanga, wazee na wajawazito, hajali sefalosporini hata moja. Ndiyo sababu mtoto mchanga huongezewa ampisilini kabla hata jibu halijatoka.

Bawabu mwenyewe ana tabia nyingine ambayo ndugu wa wagonjwa wangefaa kuijua. Utando ukivimba, milango hulegea na dawa hupita kwa wingi kidogo. Mgonjwa akianza kupata nafuu uvimbe unapungua, na milango inafungwa tena. Ndiyo maana dozi haipunguzwi kwa sababu mgonjwa ameomba uji, na sindano haibadilishwi kuwa vidonge siku ya tatu ili arudi nyumbani. Anaonekana mzima, humo ndani dawa inapita kwa shida kuliko juzi.

Nimetaja usugu kama vile ni kitu kimoja. Nyumokoki hatengenezi kimeng'enya cha kukata penisilini, kwa hiyo zile dawa zilizochanganywa na klavulanati, ghali mara kadhaa, hazimwongezei mgonjwa wa nyumokoki chochote. Anachofanya ni kubadilisha umbo la mafundi wanaojenga ukuta wake, ili penisilini isipate pa kuwashika, na vinasaba vya kufanyia hivyo huviazima kwa bakteria jamaa zake wanaoishi mdomoni mwetu. Kila kozi ya amoksilini inayomezwa kwa mafua huchagua kooni nani abaki. Klebsiella wa wodi za watoto wachanga ana njia nyingine: hutengeneza vimeng'enya vinavyokata hata seftriaksoni. Utafiti uliofanywa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ulikuta kwamba miongoni mwa watoto wenye bakteria wa aina hiyo kwenye damu, 71 katika kila 100 walifariki. Huyo akivuka kwenda kwenye ubongo, kinachobaki mkononi ni meropenemu, na si kila hospitali inayo.

Kuna majedwali ya hospitali yanayoonyesha Staphylococcus wa ngozi akiongoza kama chanzo cha homa hii. Nikiyaona huuliza kwanza ngozi ilisafishwaje kabla ya sindano. Kwa mtoto wa kichwa kikubwa aliyewekewa mpira wa kupunguza maji, bakteria huyo ni mshukiwa wa kweli, anapenda kujishika kwenye mpira. Kwa mtu aliyekuja na miguu yake kutoka nyumbani, mara nyingi ametoka kwenye mgongo wa mgonjwa au kidole cha mchomaji. Na asilimia za usugu zilizopigwa kutoka kwa vimelea 7 au 8 nisingeziwekea mpango wa dawa wa hospitali. Hesabu ya maana huanzia 30 wa aina moja.

Yote haya yanasimama juu ya sindano ambayo watu wanaiogopa. Nimesikia kila sababu: atapooza, atakufa, fulani alichomwa akaishia kiti cha magurudumu. Sehemu nyingi za Pwani mtoto akishikwa na degedege wapo wazee wanaoamini kwamba sindano ya aina yoyote ndiyo itakayommaliza, na hapo unaongea na bibi, si na mama. Huwa nawaonyesha kwenye mgongo wangu mwenyewe. Uti wenyewe kwa mtu mzima unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini yake, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Pale pana nyuzi za neva zinazoelea kama tambi kwenye maziwa, na sindano inazisukuma kando. Wapo wasiostahili kuchomwa kwa wakati ule, aliyezirai na mboni za macho hazilingani, au ambaye presha imeanguka, na uamuzi huo ni wa daktari. Hao huchukuliwa damu ya kuotesha na dawa ikaanza papo hapo.

Dawa haimsubiri mtu wa maabara. Ila saa inahesabu. Meningokoki anaweza kuwa ameshafutika kwenye maji ndani ya saa 2 tangu seftriaksoni iingie mshipani. Nyumokoki huanza kutoweka kuanzia saa ya 4. Dakika 15 za kuchota kwanza hutofautisha jibu lenye herufi na karatasi isiyo na kitu. Na ikiwa dawa imetangulia, chota hata hivyo: chembechembe, sukari, rangi ya Gram na kipimo cha vinasaba bado vinaweza kusema. Tupe pia habari ya malaria, lakini usiishie hapo. Kipimo cha malaria kuonyesha vimelea hakuzuii bakteria kuwa kichwani mwa mtoto huyohuyo.

Yule mtoto alikaa siku 14. Sikio la kushoto limepoteza usikivu. Mtaalamu wa masikio alisema ni kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na nimejaribu kumwamini. Siku ya kuondoka mama yake alipita dirishani kwetu kuaga, akafungua pindo la kanga akatoa chupa ya plastiki ya dawa ya maji, imebaki robo, akauliza kama aendelee kumpa. Ilikuwa amoksilini, aliyoinunua duka la dawa sikio lilipoanza kutoa usaha. Alimpa siku 3 kabla ya kwenda kituoni. “Waliniuliza kama ana mzio,” alisema. “Kama amekunywa dawa hawakuniuliza.”

Nilitoa fomu yake kwenye faili, nikaujaza ule mstari.